Gentle Giant: nyimbo nisizochoka kuzisikia

Leo hakuna msimbo. Wale mnaongojea sehemu ya tatu ya makala ya hifadhidata, vuteni subira, inakuja. Leo nataka kuzungumzia muziki, kwa sababu kuna jambo limenikera kwa muda mrefu.

Kila nikisema kwamba napenda roki progresivu, watu hunitajia Pink Floyd, Genesis na Yes, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Sawa, ni bendi nzuri na sina ugomvi nazo. Lakini nikitaja Gentle Giant, wasioijua hunitazama tu. Wanaoijua, na hao ndio wanaonikera, husema: "Ah, wale wa kujionyesha." Ati muziki wao ni hesabu tupu, hauna moyo. Mwenzangu mmoja kazini alisikiliza dakika mbili, akanirudishia vipokea sauti vyangu, akaniuliza kama ile CD ina mikwaruzo!

Mimi naona wanaosema hivyo walianzia wimbo usiofaa. Kwa hiyo hebu nianze pale ambapo ningependa kila mtu aanzie.

Kwanza historia kidogo, kwa ufupi. Ndugu watatu, Phil, Derek na Ray Shulman, walikuwa na bendi ya pop iliyoitwa Simon Dupree and the Big Sound, ambayo wimbo wake "Kites" ulivuma Uingereza mwaka 1967. Walichoka na kazi hiyo, wakaivunja bendi, na mwaka 1970 wakaunda Gentle Giant pamoja na mpiga gitaa Gary Green na mpiga kinanda Kerry Minnear, kijana aliyekuwa amesomea muziki Royal Academy of Music jijini London. Walibadilisha wapiga ngoma mara mbili kabla ya kumpata John Weathers mwaka 1972, naye akabaki hadi mwisho, yaani 1980. Albamu za studio ni kumi na moja.

Haya. Anzeni na "Think of Me with Kindness" kutoka albamu ya Octopus (1972). Ni wimbo wa dakika tatu na nusu hivi wa mapenzi yaliyokwisha. Minnear anaimba kwa sauti yake ndogo, kama mtu anayeongea usiku asiamshe watoto. Mtu akiusikia huo kisha arudi kuniambia bendi hii haina moyo, nitajua tatizo si bendi.

Katika albamu hiyo hiyo kuna "Knots", nao ni kinyume kabisa. Wazo lake linatokana na kitabu cha jina hilo cha R. D. Laing, daktari wa akili wa Uskoti, kilichotoka 1970, kuhusu namna watu wanavyofungana mafundo kwa maneno: mimi nadhani wewe unadhani kwamba mimi nadhani. Bendi ikachukua wazo hilo na kulifanya muziki. Sauti zinaingiliana, moja inadakia neno kabla nyingine haijalimaliza, mpaka hujui nani kaanza. Hapa ndipo watu hukimbia. Lakini fikirini: wimbo unahusu mafundo. Ungekuwa mlaini ungekuwa umedanganya. Katika kazi yetu tunajua tofauti kati ya msimbo mgumu kwa sababu aliyeuandika anataka kusifiwa na msimbo mgumu kwa sababu tatizo lenyewe ni gumu. "Knots" ni wa aina ya pili.

Sasa tuje kwa ule ninaoupenda kuliko zote, "On Reflection", kutoka Free Hand (1975). Unaanza bila ala yoyote. Sauti moja inaimba mstari, ya pili inaingia na mstari ule ule wakati ya kwanza imeshasonga mbele, kisha ya tatu, kisha ya nne. Ni fuga, mtindo ambao Bach aliutumia karne kadhaa zilizopita, ila hapa umewekwa kwenye albamu ya roki na watu wenye nywele ndefu. Halafu ala zinaingia na kurudia kile ambacho sauti zilikuwa zikifanya, na ndipo unapogundua kwamba kila mstari peke yake ni wimbo kamili. Nimeusikia mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na bado huwa nachagua sauti moja na kuifuata mpaka mwisho, kama mtu anayefuata mchakato mmoja katika mfumo wenye michakato minne. Aliyekulia kwenye benga hatashangaa sana, kwa sababu masikio yake yamezoea gitaa na besi kusema mambo mawili kwa wakati mmoja na bado yakapatana.

Na kama mnadhani ni ujanja wa studio tu, tafuteni Playing the Fool (1977), albamu iliyorekodiwa jukwaani katika ziara ya Ulaya mwaka 1976. Humo wanaanza "On Reflection" kwa ala kwanza, kisha wanaimba ile fuga mbele za watu, bila pa kujificha.

Kuna pia "An Inmate's Lullaby" katika In a Glass House (1973), unaosimuliwa na mgonjwa wa akili aliyelazwa. Ala zote ni za kugongwa, hakuna gitaa wala kinanda, na matokeo yake ni mepesi na ya kutisha kwa pamoja. Albamu hiyo waliitengeneza baada ya Phil kuondoka, na kampuni yao ya Marekani ikakataa kuitoa. Wamarekani walioitaka walinunua nakala zilizoagizwa kutoka nje.

The Power and the Glory (1974) inahusu kiongozi anayeingia madarakani na ahadi na madaraka yakamharibu. "Proclamation" ni hotuba yake ya kwanza. "Aspirations" ni wananchi wakitumaini, taratibu, karibu na machozi. Kisha "Valedictory", wimbo wa mwisho, unarudisha muziki wa ile hotuba ya kwanza ukiwa umepindwa na kufanywa mkali. Ahadi ni zile zile. Msomaji Mkenya hahitaji nimweleze zaidi.

Baada ya hapo mambo yalififia. Walijaribu kurahisisha muziki ili uuzike, na Giant for a Day! ya 1978 iliwaudhi mashabiki wa zamani bila kuleta wapya wa kutosha. Mimi huiruka. (Cha kuchekesha ni kwamba Derek baadaye aliajiriwa na kampuni ya rekodi, na ndiye aliyewasajili Bon Jovi. Kumbe soko alilijua, ila si kwa nyimbo zake mwenyewe.)

Jambo la mwisho linawahusu hasa nyinyi waandishi wa programu. Mwaka 2014 The Power and the Glory ilitoka upya ikiwa imechanganywa na Steven Wilson, na Octopus ikafuata 2015. Lakini walipofika kwenye albamu tatu za kwanza, wakatoa mkusanyiko mmoja tu, Three Piece Suite (2017), wenye baadhi ya nyimbo. Sababu? Zile tepu za awali, ambazo kila ala iko kwenye mstari wake, hazikupatikana kwa nyimbo zote. Nyimbo zilizobaki zipo, tunazisikiliza, lakini ni kama programu ambayo msimbo chanzo wake umepotea: inafanya kazi ila hakuna awezaye kuifungua na kuitengeneza. Bendi yenye wasikilizaji wachache haina mtu wa kulipia ghala zuri miaka hamsini. Ndiyo maana nasema suala la nani anathaminiwa na nani hathaminiwi si la majivuno ya mashabiki tu. Linaamua ni kipi kitahifadhiwa.

Basi sikilizeni, na kwa mpangilio nilioutoa. Msitumie spika ya simu, tafadhali. Nusu ya raha iko kwenye besi ya Ray Shulman, aliyefariki 2023, na spika ile haiwezi kuitoa.