Mizinga ya Mgeni Uani

Msomaji wa Sura ya Nahl ajua kwamba humo nyuki ametajiwa makao matatu: milimani, mitini, na katika wajengayo watu. Hayo ya tatu ndiyo yanayotushughulisha leo. Mfugaji wa Nakuru akiomba kuweka mizinga yake katika bustani ya mtu msimu wa maua, akubaliwe?

Twasema akubaliwe, ila jirani aulizwe kwanza. Wapo wadaio kwamba mtu uani mwake hana wa kumwuliza. Hilo twalikataa: nyuki wetu wa Afrika ni wakali, na wakighadhibika hawaulizi mpaka. Huenda kwa jirani yumo mtoto ambaye mwiba mmoja tu humziba pumzi. Mizinga iletwe usiku, nyuki wote wakiwa ndani. Milango ielekee mbali na njia, na maji yawe karibu.

Na asali je? Waogiek wa Msitu wa Mau, ambao kwao asali huingia hata katika mahari, waligawana msitu kwa koo, kila ukoo ukajua pake. (Ndio hao ambao Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwatoa humo.) Basi fungu la mwenye bustani nalo litajwe mbele ya mashahidi siku mizinga inapoteremshwa, si siku masega yanapokatwa.