Taa ya moteri isizimwe kwa hila

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayekaa naye lupangu moja,

Hewa Bora ni jina zuri kwa kartie. Lakini pita huko asubuhi ya mwezi wa sita, wakati wa baridi. Motokari inapashwa moto ndani ya lupangu, mlango umefungwa, na dirisha la chumba cha watoto liko hatua mbili kutoka bomba la moshi. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya njano yenye picha ya moteri. Imewaka tangu mwaka jana, na mwenyewe amekwisha kuizoea.

Taa hiyo si pambo. Kazini, kipima gesi kikilia ndani ya shimo, hakuna kapita atakayekubali mtu akitoe betri ili kinyamaze. Uingereza, hadi miaka ya 1980, wachimbaji walishuka na ndege wadogo waitwao kanari. Ndege akianguka, watu walitoka mbio, maana kulikuwa na gesi. Kwa nini basi nyumbani tunafanya kinyume? Tunamlipa mtu mwenye skana afute namba za kasoro, taa inazimika, tunashukuru. Baada ya siku nne inawaka tena, tunasema skana ni mbaya. Wengine wanang'oa balbu kabisa. Wengine wanaongeza kipande cha chuma chini ya sonda ya nyuma ili kuidanganya kompyuta ya motokari. Mimi naita hiyo hila, siyo ufundi.

Taa inarudi kwa sababu kompyuta ya motokari hufanya majaribio yake pole pole, safari kwa safari. Ukifuta namba, unafuta pia kumbukumbu ya majaribio hayo, pamoja na maandishi ya hali ya moteri saa ile kasoro ilipoonekana: joto lake, mwendo wake, mzigo wake. Ni kama kufagia mahali pa ajali kabla mkaguzi hajafika. Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, andika namba zote kwenye karatasi na uitunze.

Tena namba haitaji kifaa kilichokufa. Inataja malalamiko tu. Chukua P0420, inayosumbua motokari nyingi za zamani. Inasema kwamba katalizeri, kile chombo cha kusafisha moshi, hakifanyi kazi ya kutosha. Mara moja utaambiwa ununue katalizeri mpya, na bei yake ni kubwa, kwa kuwa ndani yake mna platini, paladi na rodi. Ngoja kwanza. Kompyuta haioni katalizeri yenyewe. Inasikiliza sonda mbili za oksijeni, moja mbele na moja nyuma yake. Bomba likitoboka karibu na sonda hizo, hewa ya nje inaingia, hesabu inaharibika, na katalizeri nzima inashtakiwa bure.

Kwa hiyo anza na vitu visivyo na bei. Moteri ikiwa baridi, iwashe mahali pa wazi, sikiliza chini: je, kuna mluzi au mapigo kwenye viungo vya bomba? Zima, tazama kama kuna masizi meusi kwenye viungo hivyo. Halafu bujia, filtri ya hewa, na kile kipimo cha hewa inayoingia. Vumbi yetu ya kiangazi inakichafua, na P0171 inaweza kutoka hapo. Ukiona P0300, moteri inaruka moto, nayo esansi isiyoungua inakwenda kuchoma katalizeri. Taa ikiwaka na kuzimika-zimika wakati unaendesha, simama. Usijikaze kufika nyumbani. Esansi ya chupa ya Kadafi wa barabarani, ikiwa imechanganywa na mafuta mengine, inaleta taabu hizo hizo. Katalizeri ije mwisho, baada ya mengine yote.

Sasa sikia jambo linalonifanya niandike katika ukurasa huu. Tundu linalowasha taa ndilo linaloweza kuingiza moshi ndani ya motokari. Katika moshi wa esansi mna monoksidi ya kaboni, gesi ile ile ya mbabula ya makala iliyofungiwa chumbani. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Na hata motokari nzima isiyo na tundu ni hatari asubuhi, kwa sababu katalizeri haifanyi kazi mpaka ipate moto mkali. Dakika zile za kwanza, unapoiacha iungurume huku watoto wamelala, ndizo chafu kuliko zote.

Mwenye motokari ya mazutu asicheke. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu. Moja ya ushahidi wao ulitoka kwa wachimbaji 12,315 wa Marekani.

Unayetaka kununua motokari iliyopita Kasumbalesa, fungua ufunguo bila kuwasha moteri. Taa ya moteri lazima iwake, kisha izimike moteri ikianza. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeinyamazisha. Chungulia pia chini: mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi, kwenye bandari ya Amsterdam, walikuta motokari za kupelekwa Afrika ambazo katalizeri zao zilikwisha kutolewa. Na muulize fundi kama skana yake inaelewana na motokari za soko la Japani, maana si zote.

Mama, wewe unawajua watoto. Wakiumwa kichwa au kutaka kutapika kila wanapokaa kiti cha nyuma, na wakapata nafuu wakishuka, usiseme ni njaa au ni safari. Fungua madirisha yote, washushe, wapeleke hospitali ikiwa wamelegea. Motokari hiyo isibebe mtu tena mpaka bomba litazamwe kutoka moteri hadi mwisho, na mlango wa nyuma uonekane kuwa unafunga sawasawa. Kesho asubuhi isukumeni nje ya lupangu kabla ya kuiwasha.