Samahani kwa Usumbufu

Mama mpendwa, mwezi huu tuzungumze kidogo juu ya neno moja tunalolitumia kila siku: usumbufu.

Hapa Ngarenaro ni vigumu siku kupita bila kulisikia. Maji yakikatika, tunaombwa radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Jirani akija kuazima sufuria hubisha hodi na kusema, "Samahani mama, nakusumbua." Mgeni akiletewa chai husema, "Jamani, mbona umejisumbua?" Halaumu huyo, anashukuru.

Neno hili lina ndugu zake. Kero ni jambo linalorudi-rudi mpaka likachosha moyo. Ndiyo maana watu walisema kero za Muungano, mambo yaliyolalamikiwa miaka mingi. Adha ni nzito zaidi, ni taabu yenye maumivu. Usumbufu ni kumtoa mtu katika kazi yake au mapumziko yake. Tena lipo kusumbukia, yaani kujitaabisha kwa ajili ya mwingine, kama mama anavyowasumbukia wanawe. Basi shina ni moja, lakini ndani yake mna lawama, mna shukrani na mna upendo.

Hatari iko pale tunapolitumia bila kufikiri. Sisi wenyewe tulikwisha kukosea. Jumamosi moja tulikuwa tunafua, maji yamerudi baada ya siku mbili. Binti yetu wa miaka 6 akaja: "Mama..." Tukamkatiza: "Usinisumbue, huoni nafua?" Akaja tena, tukamfukuza tena. Mara ya tatu hakuja. Jioni tulimkuta amejikunyata kitandani, mwili unawaka moto, sikio linatoa usaha. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Ulisema nisikusumbue."

Sikio lilipona kwa dawa. Jibu lile hatujalisahau.

Mtoto anayeambiwa kila mara kuwa ni msumbufu hujifunza kunyamaza. Leo ananyamaza juu ya sikio. Kesho atanyamaza juu ya mtu mzima anayemshika vibaya njiani. Afadhali tumwulize, "Unaumwa, au unataka tucheze?" Akitaka mchezo, mwambie angoje umalize shati hilo, kisha utimize ahadi. Akiumwa, shati lingoje.

Nasi watu wazima tuna kosa hilo hilo. Mara ngapi mama amevumilia usiku kucha akisema, "Sitaki kuwasumbua watu"? Mjamzito akitokwa na damu, au kichwa kikimwuma sana na macho yakaona ukungu, asingoje kupambazuke. Abishe hodi kwa jirani, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na wewe unayegongewa mlango, usimwache aombe radhi mara mbili. Vaa kanga utoke.

Tukumbuke habari ya Yairo katika Luka sura ya 8. Binti yake alipokufa, watu walimshauri aache kumsumbua mwalimu. Bwana Yesu hakumhesabu baba yule kuwa msumbufu. Alikwenda naye mpaka nyumbani.

Basi tuendelee kuombana radhi kwa usumbufu, maana ni adabu njema. Lakini mwenye shida asiitwe msumbufu nyumbani mwetu. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mwulize kila mtoto kama kuna jambo alitaka kusema akazuiwa. Kisha nyamaza, usikilize.