Betri ya Gari la Umma Isichaguliwe kwa Bei Peke Yake

Wilaya za Morogoro na Mvomero zina vijiji vingi ambavyo havifikiki kwa gari dogo, hasa wakati wa masika. Kutoka mjini Morogoro kwenda Nyandira na Langali upande wa Mgeta, au kwenda Kinole upande wa mashariki, barabara hupanda miteremko ya milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Katika njia hizo gari linalotegemewa ni lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, kama vile Land Rover ya zamani au Toyota Land Cruiser. Ndilo hupeleka chanjo katika zahanati na karatasi za mitihani shuleni, na ndilo humteremsha mama mjamzito aliyezidiwa hadi hospitali ya mkoa. Gari la namna hiyo laweza kuwa na injini nzima na magurudumu mapya, na hata hivyo likashindwa kuondoka kwa sababu ya betri.

Kufa kwa betri huchukuliwa na watu wengi kama bahati mbaya. Kwa hakika, mara nyingi betri huuawa na uchaguzi mbaya wakati wa kununua, na uzembe baada ya kununua. Yote mawili yamo katika uwezo wetu kuyazuia.

Kwanza tuelewe adui ni nani. Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita vyenye sahani za risasi zilizozama katika tindikali, na kwa pamoja hutoa volti 12. Joto huharakisha kuoza kwa sahani hizo na kukausha maji. Mafundi hukadiria kwamba joto la kudumu likizidi kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo betri huumia huku bondeni, katika jua la Morogoro. Lakini ubovu wake hujitokeza kule juu, alfajiri ya baridi ya mwezi Juni au Julai, oili ya injini inapokuwa nzito na nguvu ya betri imepungua. Dereva husema betri imekufa Mgeta, kumbe ilianza kuugua miezi mingi nyuma mjini.

Adui wa pili ni mtikisiko. Barabara ya mawe hutikisa sahani hadi zikapukutika, hasa betri inapokuwa haikufungwa imara katika kitako chake. Adui wa tatu ni kukaa bure. Masika yakiifunga barabara, gari huegeshwa majuma kadhaa. Umeme wa betri hupungua wenyewe, sahani hufunikwa na chumvi ngumu, na betri hairudi tena katika nguvu zake za awali.

Hivyo basi, ofisi inayotaka kununua betri ianze kwa kusoma kitabu cha gari, si orodha ya bei. Injini ya dizeli huhitaji nguvu kubwa ya kuwasha kuliko ya petroli yenye ukubwa ule ule. Betri iliyoandikwa N70, yaani yenye ujazo wa takriban ampea-saa 70, haiwezi kushika nafasi ya N100 kwa sababu tu ni nafuu. Vipimo vya umbo na upande wa vichwa vyake vilingane na gari. Tarehe ya kutengenezwa isomwe, kwani betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imekwisha kuzeeka kabla ya kuuzwa. Ipimwe volti mbele ya mnunuzi: iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, na iliyo chini ya 12.4 ikataliwe.

Walimu wa shule za milimani watufahamu vizuri katika jambo moja. Betri ya umeme wa jua na betri ya gari si kitu kimoja. Ya jua ina sahani nene za kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Ya gari ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuziazima huku na huko ni kuziharibu zote mbili.

Kuhusu utunzaji, kazi si kubwa. Kila juma vichwa vya betri visafishwe na kukazwa. Kama ni betri ya maji, kiwango chake kitazamwe na kuongezwa maji safi ya betri, kamwe si ya bomba wala ya kijito, na asiongeze mtu tindikali. Injini ikiwaka, umeme unaoingia upimwe: kwa kawaida uwe kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukipungua au kuzidi, mwenye kosa ni alteneta au kidhibiti chake, na betri mpya itauawa kama ile ya kwanza. Wakati wa kufungua, waya wa hasi utangulie kutoka na uwe wa mwisho kurudi. Gari lililoegeshwa liwashwe na kuendeshwa kwa muda wa kutosha, au betri yake ichajiwe.

Betri iliyokufa nayo ina wajibu wake. Risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliupata msiba huo kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Maji ya Uluguru huingia katika mito ya Ngerengere na Ruvu, na Ruvu hunywesha Dar es Salaam. Tindikali inayomwagwa korongoni haiishii korongoni. Betri chakavu irudishwe kwa mnunuzi mwenye kibali, na ofisi ibaki na stakabadhi.

Tunapendekeza kila gari la umma liwe na daftari la betri: tarehe ya kununuliwa, vipimo vya kila juma, na jina la aliyepima. Sifa za betri inayotakiwa ziandikwe na fundi kabla ya mhasibu kutafuta bei. Dereva asilaumiwe kwa kuegesha gari mteremkoni ili liwake kwa kusukumwa, ikiwa mkuu wake alikwisha kuandikiwa mara tatu na hakujibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgonjwa anayesubiri gari usiku huko Nyandira hana muda wa kungojea ukuta huo.