MSIMCHEKE MDADA WA DIGRII ALIYERUDI KUSOMA UNESI!

Haya wadau, kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Shinyanga mjini, Kahama mpaka Katoro. Staa mmoja wa kike mwenye wafuasi kibao, mtoto wa huku huku Usukumani ingawa siku hizi anajifanya kazaliwa Masaki, anaonesha picha ya mdada aliyevaa sare za mwanafunzi wa unesi. Anacheka hadi anafuta machozi. Eti huyo alimaliza naye chuo kikuu, ana digrii yake kabisa, leo karudi kukaa darasa moja na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. "Digrii ya kufungia maandazi," anasema staa, na watu chini huko wanagonga vicheko mpaka basi.

Sasa kwa kuwa staa kaongea nusu, nusu nyingine isemwe.

Mdada huyo alimaliza sosholojia 2019. Akaomba kazi. Akaitwa kwenye usaili Dodoma mara tatu, mara zote kwa nauli ya kukopa, mara zote akirudi na basi la usiku bila kitu. Akakaa mtaani kama wenzake. Mwisho akafungua kibanda cha wakala wa kutuma pesa Katoro, mkoani Geita, na mwenye kuijua Katoro anajua pale usiku na mchana ni wateja wa machimboni. Watu wa duarani, watu wa karasha, mama lishe, madereva wa pikipiki. Pesa inaingia na kutoka, na kikohozi nacho kinaingia na kutoka. Vumbi la mawe likikaa kifuani miaka na miaka halitoki, na kifua kikuu kinawapenda sana wachimbaji. Kuna mteja wake mmoja alidondoka hapo hapo dirishani. Mdada akafunga kibanda, akampakia kwenye bajaji, wakaenda kituo cha afya. Wakakuta nesi mmoja, zamu ya usiku, wodi nzima ya kwake na mjamzito anapiga kelele chumba cha pili. Mdada akaambiwa ashike dripu juu. Akaishika mpaka alfajiri.

Asubuhi hakurudi kibandani. Alikwenda kuuliza chuo.

Na hapo ndipo kichekesho chenyewe kinapoanza, kile ambacho staa hakukiona. Mdada alidhani digrii yake itamsogeza mbele japo hatua moja. Wapi! Digrii ya uuguzi ya miaka minne, kama ile ya Bugando pale Mwanza, inataka masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Yeye alisoma HGL. Akaambiwa aanzie diploma. Diploma nayo, kwa mwongozo wa NACTVET, inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne bila kuhesabu dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Cheti chake kikatolewa kwenye bahasha: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia F.

F ya Fizikia! Shule yake ya kata ilikaa bila mwalimu wa Fizikia tangu yuko kidato cha pili. Nani wa kuulizwa hapo, mtoto au aliyejenga shule akasahau mwalimu?

Basi mtu mwenye digrii, mwenye tasnifu aliyoiandika kwa mkono wake, akajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kurudia Fizikia ya kidato cha nne. Akaingia chumba cha mtihani Novemba na watoto wa miaka 16 wanaomwamkia shikamoo wakidhani ni msimamizi. Akapata D. Wanaomjua wanasema aliishangilia hiyo D kuliko alivyoshangilia joho.

Ndipo akaanza miaka mitatu ya diploma kutoka sifuri, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Anakaa tena kwenye vipindi vya mawasiliano na kompyuta, vitu alivyovifanyia mtihani chuo kikuu. Takwimu alizosoma, saikolojia aliyosoma, namna ya kuhoji watu aliyoisoma, vyote hakuna anayeviuliza. Na wakati huo huo deni la Bodi ya Mikopo la ile digrii ya kwanza lipo pale pale linamsubiri, siku akipata ajira asilimia 15 ya mshahara inaondoka kabla hajaiona.

Nenda Marekani uone. Mwenye digrii ya fani nyingine, iwe historia au biashara, akitaka unesi anaanza na masomo machache ya sayansi ambayo hakuyasoma, kama anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia. Akifaulu anaingia kwenye programu ya haraka ya miezi 11 mpaka 18, anatoka na digrii ya uuguzi, anafanya mtihani wa leseni. Wanayofupisha ni yale aliyokwisha kusoma. Wodini hafupishiwi mtu, na ndani ya miezi hiyo anasota hasa, wengi hata kibarua wanaacha. Wabongo waliopitia njia hiyo wapo, na wakija likizo na mabegi mnawapokea kwa shangwe Airport. Kwa nini aliyesoma unesi baada ya digrii kule awe mpambanaji, na wa Kolandoto au Kahama awe kituko?

Kuna watakaosema unataka kuchakachua taaluma, unataka mtu wa sosholojia aje kumchoma mtoto sindano. Hakuna aliyesema hivyo. Sindano haifundishwi kwenye sosholojia, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina haki ya kubana mpaka mwisho kwenye saa za wodini na mtihani wa leseni. Kinachodaiwa ni kidogo sana: mwenye digrii apimwe sayansi leo, kwa mtihani mgumu hata wa siku nzima, asihukumiwe kwa alama aliyoipata akiwa na miaka 17 kwenye shule isiyo na mwalimu. Akifeli, arudi kwake. Akifaulu, yale aliyoyasoma yahesabiwe. Mbona mwenye diploma ya uuguzi na GPA nzuri anaruhusiwa kuingia digrii kwa cheti chake hicho bila kuulizwa kidato cha sita? Kumbe wakitaka kuhesabu wanaweza.

Na ukimya huu una wanaokula. Madalali wa vyuo wamejaa kwenye magrupu: "Nesi kwa miezi sita, huhitaji Fizikia, lipia nafasi yako leo." Mdada mwingine wa Geita mjini, huyu na digrii ya ualimu, alituma ada ya muhula mzima kwa namba ya simu. Alipofika akakuta kozi ya wahudumu wa afya, ambayo ni kazi halali lakini unesi si hiyo na leseni ya unesi haipati. Kabla hujatuma hata mia, angalia kama chuo kipo kwenye orodha ya NACTVET. Dalali akikuambia orodha haijasasishwa, mkimbie.

Wanaume nao wasijitoe kwenye hili. Kuna jamaa wa machimboni ana digrii, anatamani unesi kuliko kitu chochote, lakini anaogopa wenzake wa duarani watasema kashika kazi ya kike. Oktoba 2015 shimo la Nyangalata kule Kahama liliwafunika watu, na Novemba wakatolewa watano wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mtu aliyekaa siku 41 bila ugali humpakulii sahani ukaondoka. Analishwa kidogo kidogo kwa saa, anapimwa, anageuzwa, anasafishwa. Hiyo ndiyo kazi ya kike?

Kuna na la wakwe, hili ndilo lilimuumiza zaidi mdada wa klipu. Upande wa mume ulilalamika kwamba ng'ombe waliotolewa walikuwa ng'ombe wa msomi, sasa mbona mke amegeuka mwanafunzi wa kubeba beseni. Mama mkwe, bibi mmoja wa Shinyanga vijijini asiyejua kusoma, ndiye aliyewanyamazisha. Aliuliza nani kati yao aliyelala naye hospitali mwaka aliovunjika nyonga. Wakatazamana.

Haya, turudi kwa staa wetu. Kwenye ukurasa wake huyo huyo kuna matangazo ya dripu za kung'arisha ngozi. Yumo yeye mwenyewe kwenye kochi jeupe, mkono umenyooshwa, mpira wa dripu unaning'inia, na pembeni inaonekana glovu ya mtu ambaye sura yake imekatwa kwenye picha. Nani aliyeutafuta huo mshipa, staa? Mtu wa sosholojia? Na ikitokea moyo ukaenda mbio na pumzi ikakata katikati ya hiyo dripu, utamwita nani, mpiga picha?

Mdada yuko mwaka wa tatu sasa. Wiki klipu inatoka alikuwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku, na simu alikuwa ameizima. Aliiona asubuhi kwenye daladala, akaitazama mara moja, akalala mpaka kituo chake.

Staa, kama unapita hapa, klipu bado ipo. Ifute.