Uliona, au Ulidhani?



Leo sina somo refu. Nina neno moja tu linalonisumbua, na ni neno tunalolitumia kutwa nzima: "naona."

"Naona mvua itanyesha." "Naona huyu mtoto amechoka." "Naona yule dada siku hizi amerudi nyuma." Sasa nikuulize mpendwa, umeona nini hasa? Katika Kiswahili chetu neno hili moja linabeba kitu ulichokishuhudia kwa macho, na pia linabeba maoni yako tu. Na kwetu sisi Wapentekoste lina mzigo wa tatu: maono. Mtu akishika maikrofoni akasema "naona," nusu ya kanisa husikia maoni yake, nusu nyingine husikia kwamba Roho amenena. Na mara nyingi msemaji hana haraka ya kuwasahihisha. Mimi nimekuwa msemaji huyo. Nitafika hapo.

Si kwamba lugha imetunyima maneno. Watoto waliofanya KCPE kabla haijafikia mwisho wake mwaka 2023 wanajua kubahatisha ni nini: swali lina majibu manne, hujui hata moja, unatia alama kwenye B na kuomba. Una nafasi moja kati ya nne na wewe mwenyewe unajua hivyo. Fundi akiutazama ukuta na kusema utakula mifuko kumi ya saruji, huyo anakisia. Hajapima, lakini amejenga kuta nyingi. Ukiamka na uzito moyoni bila kujua sababu, unahisi. Ukidhani, tayari una wazo kamili kichwani, ila hujalithibitisha. Na ukishuku umeshaegemea upande wa ubaya. Sijawahi kusikia mtu akishukiwa kwamba anasaidia wajane!

Halafu kuna "ati." Neno dogo, lakini linabeba habari ya mtu mwingine bila aliyeibeba kuidhamini. "Ati amemwacha mumewe." Ukimbana aliyesema, atakujibu, "Aii pasta, mimi nilisikia tu."

Kubahatisha si dhambi, wala kukisia. Mkulima anayepanda mahindi mvua ikichelewa hapandi kwa yakini. Ninachopinga ni kuyapandisha maneno haya cheo. Habari inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp asubuhi ikiwa "ati," mchana imekuwa "nasikia," na jioni inapobisha mlangoni kwa mchungaji imevaa suti: "Pasta, tumeona." Hakuna aliyeongeza ushahidi njiani. Kila mmoja amebadilisha neno tu.

Mfikirie kuhani Eli kule Shilo, katika 1 Samweli 1. Macho yake yalikuwa bado mazima, kufifia kulikuja baadaye. Alimtazama Hana akiomba, akaona midomo inatikisika na sauti haisikiki. Hapo hakukosea hata kidogo, midomo ilikuwa inatikisika kweli. Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata: akamdhania amelewa. Aliona kitu kimoja, akaamini kingine, na katikati hapakuwa na swali.

Ukisoma Matendo 21 utakuta jambo lile lile, ila pale liliishia kwa damu. Watu walikuwa wamemwona Trofimo wa Efeso mjini pamoja na Paulo. Hilo ni kweli, walimwona. Kisha wakadhani Paulo amemwingiza hekaluni. Mji mzima ukataharuki, Paulo akaburutwa nje na kupigwa hadi askari wa Kirumi walipoingilia kati. Kifungo kilichomfikisha Roma kilianzia hapo, kwa watu waliochanganya walichokiona na walichokidhani wakakipigia kelele kama kitu kimoja.

Sasa yangu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukijenga, na hesabu ya sadaka ya ujenzi ikakosa kulingana. Ndugu mmoja aliyekuwa akihesabu alinunua pikipiki mwezi ule ule. Watu wakaanza kutaniana, "Naona sadaka yetu imepata magurudumu." Nilicheka nao. Halafu kicheko kikaisha, wazo likabaki.

Sikumuuliza. Nilimwita nikamwambia kwa sauti ya upole, "Ndugu, nahisi moyoni upumzike kidogo na huduma hii." Nahisi! Nilishuku, lakini nikachagua neno linalosikika kama maombi. Jumapili nikatangaza kwamba atapumzika, na kanisa lote likaelewa nilichokuwa sijakisema. Baada ya wiki tatu hivi yeye na familia yake hawakuja tena.

Mtaniambia Eli naye alikosea. Ndiyo, lakini Eli alimwambia Hana dhana yake usoni, Hana akajitetea, naye akaipokea kauli yake na kumbariki papo hapo. Mimi sikumpa ndugu yangu hata nafasi hiyo. Na huwa nafundisha Kumbukumbu la Torati 19 na 1 Timotheo 5, habari za mashahidi wawili au watatu. Nilikuwa na pikipiki moja na mzaha mmoja.

Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta karatasi nyingine kwenye droo yangu mwenyewe, nikakuta risiti ya saruji. Pesa zile nilimlipa muuzaji mimi, taslimu, siku ya mvua, lori likiwa limesimama nje. Nikasahau kuziandika. Pikipiki ilikuwa ya mkopo wa chama chake, jambo ambalo swali moja lingelifichua.

Nilikwenda kwake jioni. Mkewe aliweka chai mezani bila kusema neno. Nilieleza yote, nikaomba msamaha, nikamwambia Jumapili nitalieleza kanisa kwamba kulitokea hali ya kutoelewana.

Akaweka kikombe chini. "Hapana pasta. Hatukukosa kuelewana, maana hatukuongea. Ukisimama pale sema ulidhani. Na useme risiti ilikuwa wapi."

Nilisimama nikasema hivyo, kwa maneno hayo, mbele ya wale wale waliosikia tangazo la kwanza. Yeye hakuwepo. Anaabudu kanisa lingine sasa, na nasikia, kutoka kwa mchungaji wake mwenyewe, kwamba wamemkabidhi hesabu.