GUNDI YA TABIBU: KUZIBA KIDONDA SI KUKIPONYA

Si kila kilichotoka vitani kilikusudiwa kuua. Mwaka 1966 madaktari wa jeshi la Marekani nchini Vietnam walianza kuwapulizia majeruhi gundi iitwayo sayanoakrileti, ambayo hukauka mara iguswapo na unyevu, ili kuzuia damu kabla majeruhi hajafikishwa kwa mpasuaji. Tangu miaka hiyo matabibu wamejiuliza: je, kinachoziba jeraha la nje hakiwezi kuziba kidonda cha tumbo?

Yafaa ieleweke kwamba kidonda cha tumbo ni shimo katika utando wa ndani wa tumbo. Kikila mshipa, mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami, na asipowahiwa hufa. Tena damu huganda kwa taabu mahali penye asidi kali. Hapo ndipo gundi inapopata kazi yake.

Sayanoakrileti za awali ziliudhuru mwili, zikachelewesha kupona. Zilizofuata zina upole zaidi. Gundi ya aina nyingine, fibrini, hutokana na protini za damu yenyewe. Daktari hupitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera, akaichoma gundi penye mshipa. Ikaganda, na baadaye mwili ukaiyeyusha. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa wagonjwa waliochomwa fibrini mara kwa mara walirudiwa na damu kwa uchache kuliko waliochomwa dawa ya polidokanoli. Hata hivyo, madaktari wengi leo hutanguliza sindano ya adrenalini pamoja na joto au vibanio, na gundi huwekwa akiba.

Lakini gundi, hata iwe bora namna gani, haimfukuzi adui aliyelichimba shimo. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walimtambua bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*. Wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Hesabu zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kuwa takriban watu 7 kati ya 10 barani Afrika wanaye, ingawa wengi wao hawaugui. Adui wa pili ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zinazomezwa ovyo bila ushauri wa daktari. Maadui hao wakiachwa, kidonda kilichozibwa leo hufumuka kesho.

Hapa pana funzo kwa nchi zetu. Gundi yataka chombo cha thamani, mtaalamu aliyefunzwa na jokofu lisilokatikiwa na umeme. Hayo aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa za mijini. Kumpima mtu bakteria kwa kinyesi, na kumpa viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, kwaweza kufanyika hata wilayani. Hospitali za rufaa hazina budi kupewa vifaa vya kuokoa anayetokwa damu. Lakini mpango unaoishia hapo utakuwa ukiwangoja wananchi mlangoni wakiwa mahututi, ilhali wangeweza kutibiwa mapema karibu na nyumbani kwao.

Mwananchi naye ana wajibu: apimwe maumivu yasipokoma, amalize dozi yote, wala asifanye duka la dawa kuwa daktari wake.